Kofia ile naijua: Miller's Crossing na deni lake kwa Dashiell Hammett

Kurasa Kavu

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimeuzungusha kichwani muda mrefu kabla ya kukaa kuuandika, kwa hiyo mnivumilie, utakuwa mrefu. Tahadhari mapema: nitaeleza mambo ya ndani ya kitabu na ya filamu. Mwisho wa vyote viwili nauweka kando kwa sasa, lakini mengine nayamwaga.

Mwandishi ninayempenda kuliko wote ni Dashiell Hammett. Ni Mmarekani aliyezaliwa 1894, akafanya kazi ya upelelezi katika shirika la Pinkerton kabla ya kushika kalamu. Riwaya zake ni tano tu, zote zilitoka kati ya 1929 na 1934, kisha hakutoa riwaya nyingine mpaka alipofariki Januari 1961. Katika hizo tano, The Glass Key ya 1931 ndiyo niliyoisoma mpaka jalada likaachana na kurasa.

Sasa kuna usiku nikaweka Miller's Crossing, filamu ya 1990 ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen. Sikuwa najua lolote juu yake. Picha ya kwanza kabisa: vipande vya barafu vinadondoka kwenye glasi, vinagongana, wiski inamiminwa. Nikakaa wima. The Glass Key inaanza na dadu. Dadu za kijani zinabingirika juu ya meza ya kijani, zinagonga ukingo, zinarudi. Vitu vidogo vigumu, karibu kabisa na jicho, kabla hujapata nafasi ya kumjua mtu yeyote. Nikajiambia tulia, barafu ni barafu.

Halafu ikaja kofia.

Majina ya waigizaji yanapita juu ya msitu. Kofia nyeusi iko chini kwenye majani makavu, upepo unaichukua, inakwenda zake mpaka inapotea. Mara Tom, mhusika mkuu, anaamka, kichwa kinamuuma kwa ulevi wa jana, na kitu cha kwanza anachouliza ni kofia yake iko wapi. Ameipoteza kwenye karata. Inabidi aifuate kwa mwanamke.

Aliyesoma The Glass Key anajua kwa nini mwili ulinisisimka. Mle ndani Ned Beaumont anakuta maiti ya kijana, Taylor Henry, mtaani usiku, na kinachomsumbua kuliko damu ni kwamba marehemu hana kofia. Wakati ule mwanamume wa tabaka lake hatoki nyumbani kichwa wazi. Kofia iko wapi? Swali hilo linatembea kurasa na kurasa. Ned anaitumia kofia ya Taylor kumbana mtu anayemdai, na bado swali linabaki limening'inia juu ya kesi nzima.

Nikasimamisha filamu, nikaenda kuchukua kitabu.

Kurasa Kavu (naendelea)

Tuanze na mifupa. Kitabuni: mji usiotajwa jina, zama za marufuku ya pombe Marekani. Kigogo anayeendesha siasa za mji, Paul Madvig. Pembeni yake rafiki na mshauri, Ned Beaumont, mcheza kamari ambaye nuksi imemganda. Paul amempenda Janet Henry, binti wa seneta, na kwa ajili ya mapenzi hayo anafanya maamuzi ya kumponza kisiasa. Ned anamwonya, hasikii. Wanagombana, wanaachana. Kambi ya adui, ya Shad O'Rory, inamtaka Ned ahamie kwao amuuze rafiki yake.

Filamuni: mji usiotajwa jina, zama zilezile. Kigogo anayeitwa Leo, ambaye polisi na meya wako mfukoni mwake. Pembeni yake rafiki na mshauri, Tom Reagan, mcheza kamari mwenye deni analokataa kulipiwa. Leo amempenda Verna, na kwa ajili ya mapenzi hayo anamlinda kaka yake Verna ambaye angepaswa kumwacha. Tom anamwonya, hasikii. Wanagombana, wanaachana. Kambi ya adui, ya Johnny Caspar, inamtaka Tom.

Kaka yake Verna ni mtu wa madau, mjanja mjanja, anamharibia Caspar biashara ya mapambano ya ndondi yaliyopangwa matokeo. Anaitwa Bernie. Kitabuni yupo mpokea madau mjanja mjanja aliyekimbilia New York na pesa alizoshinda Ned kwenye farasi. Naye anaitwa Bernie.

Hapo nikasema hapana, hawa watu wamekisoma kitabu hiki kama nilivyokisoma mimi.

Lakini kilichonimaliza ni ndoto. Kuna sehemu Tom yuko na Verna, anamsimulia alichoota: anatembea msituni, upepo ukaja ukamwangusha kofia. Verna anamkatiza, anajifanya anajua kilichofuata: uliikimbiza, ukaifikia, ikawa imegeuka kitu kingine, kitu cha ajabu. Tom anamjibu kwamba haikugeuka chochote, ilibaki kofia, wala hakuikimbiza.

Fungua The Glass Key. Ned na Janet wanasimuliana ndoto. Ned aliota anavua, akapata samaki mkubwa mno, Janet akaomba amtazame, akamshika, akamtupa tena mtoni. Janet naye aliota wamepotea msituni yeye na Ned, wana njaa, wakafika kwenye kijumba chenye meza imejaa chakula, ufunguo uko chini ya mkeka wa mlangoni, na ndani sakafu yote ni nyoka. Anavyosimulia mara ya kwanza, mambo yanaisha vizuri. Wanafunga mlango, wanapanda juu ya paa, nyoka wanatoka, wao wanaingia wanakula. Baadaye sana, mambo yakishaharibika, anakiri kwamba alidanganya. Ufunguo ulikuwa wa kioo. Ulivunjikia kitasani, mlango haukufungika tena, nyoka wakawatokea. Jina la kitabu limetoka hapo.

Ona walichofanya akina Coen. Kitabuni mwanamke anaota msitu, anaupa mwisho mzuri wa uongo, kisha anaufuta. Filamuni mwanamume anaota msitu, mwanamke anajaribu kuupa mwisho mzuri, na mwanamume anaukataa palepale. Mambo ni yaleyale: msitu, mwanamume, mwanamke, mwisho mzuri ambao si kweli. Wamekigeuza kama mtu anavyogeuza koti lionekane upande wa bitana. Mtu hawezi kugeuza hivyo kitu ambacho hajakishika mkononi kwa muda mrefu.

Sasa nenda kwenye maandishi ya filamu. Waandishi: Joel Coen na Ethan Coen. Tafuta jina la Hammett uone kama utalipata.

Niseme haki yao pia. Kwenye mahojiano ndugu hawa hawakumkana Hammett, na hata jina la filamu yao ya kwanza, Blood Simple ya 1984, limetoka kwenye Red Harvest yake ya 1929. Lakini mahojiano husomwa na wachache. Filamu yenyewe ndiyo inayodumu, na filamu imenyamaza.

Mpenda Sinema

Kurasa Kavu, nimekusoma mpaka mwisho na nimeipenda kazi yako, ila ngoja nikupinge kidogo. Bosi na msaidizi wake kumpenda mwanamke mmoja ni hadithi ya tangu watu waanze kusimulia. Magenge mawili na mtu wa katikati, hivyohivyo. Kofia walivaa wote enzi hizo. Ukitafuta kufanana utakupata kila mahali. Mimi Miller's Crossing naihesabu kati ya filamu bora nilizowahi kuona, na sidhani Hammett angeweza kuandika lile tukio la Bernie analia msituni akiomba asiuawe.

Kurasa Kavu

Mpenda Sinema, hilo la Bernie msituni nakubali kwa mikono miwili. Ni la kwao, halimo kwa Hammett, na pale John Turturro aliigiza mpaka mtu anataka kugeuza uso. Sijasema filamu ni mbaya. Nimeitazama mara tano.

Kuhusu mifupa tuko pamoja pia. Bosi, msaidizi na mwanamke havina mwenyewe. Kama vingefanana hivyo tu, nisingefungua uzi. Mimi kipimo changu ni vitu vidogo ambavyo hadithi haikuvihitaji. Filamu ingeenda vizuri tu kama yule wa madau angeitwa jina lingine. Tom angeweza kumsimulia Verna jambo lolote badala ya ndoto ya msituni. Kitu kisicho na lazima kikionekana sehemu mbili, na kingine, na kingine, ujue kuna mtu aliyekibeba kutoka huku kwenda kule.

Na kuna kingine ambacho kwangu ni kizito kuliko kofia. The Glass Key imeandikwa kwa namna ya pekee: Hammett hatuambii hata mara moja Ned anawaza nini. Anatuonyesha mikono yake, macho yake, kidole kinavyopapasa sharubu, basi. Hata jina hampunguzii, ni "Ned Beaumont" kila anapotajwa, kama vile msimulizi mwenyewe hamjui vizuri. Unasoma kitabu kizima ukijiuliza huyu mtu anampenda rafiki yake au anamtumia. Gabriel Byrne anamcheza Tom vivyo hivyo. Kamera inamkaribia usoni, na usoni hamna kitu cha kukusaidia. Filamu nyingi za magenge hupenda mhusika mkuu atusimulie ya moyoni. Hii imekataa, kama kitabu kilivyokataa.

Bint Sheria

Naomba niingilie upande wa sheria kidogo maana mara nyingi mijadala ya namna hii inachanganya mambo mawili.

Sheria ya hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyoelezwa. Kuna kesi ya mwaka 1930 kule Marekani ambayo kila anayesoma hakimiliki anakutana nayo, Nichols dhidi ya Universal. Anne Nichols alikuwa na tamthilia ya familia ya Kiyahudi na familia ya Kiayalandi ambazo watoto wao wanaoana kwa siri. Kampuni ikatoa filamu ya familia ya Kiyahudi na ya Kiayalandi ambazo watoto wao wanaoana kwa siri. Alishtaki, akashindwa. Jaji Learned Hand alieleza kwamba hadithi yoyote unaweza kuivua matukio yake moja baada ya jingine, na kadiri unavyovua ndivyo unavyobaki na umbo la jumla ambalo mtu mmoja hawezi kulimiliki. Mstari uko mahali fulani katikati, na yeye mwenyewe alikiri kwamba hakuna aliyewahi kuuchora wala atakayeweza.

Kwa hiyo Kurasa Kavu, kipimo chako cha vitu vidogo kiko karibu na kile ambacho mahakama ingetazama. Lakini kofia, jina la Bernie na ndoto iliyogeuzwa, sidhani vingetosha. Maneno ni mengine, mwisho wa matukio ni mwingine. Mimi ningekuwa wakili wa Coen ningelala usingizi.

Na muda nao unapita. Red Harvest kwa Marekani imetoka kwenye hakimiliki tangu tarehe 1 Januari 2025, miaka 95 baada ya mwaka ilipochapishwa. Yeyote anaweza kuitengenezea filamu leo bila kumwomba mtu.

Kurasa Kavu

Asante sana Bint Sheria, umeniweka sawa, na sibishi. Mimi sitaki mtu ashtakiwe. Nataka mstari mmoja wa maandishi, "kwa heshima ya Dashiell Hammett," pale mwishoni. Sheria haiwalazimishi, najua. Mtu akikulisha mwaka mzima, kumtaja jina hakuhitaji hakimu.

Mzee wa Riwaya

Vijana, mmemtaja Hammett bila kutaja mkasa mkubwa kuliko huo. Yojimbo.

Kurasa Kavu

Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa nauogopa huo kwa sababu ukiufungua hauishi, lakini kwa kuwa umeutaja wewe, ngoja niuweke.

Red Harvest: mpelelezi ambaye hatuambiwi jina lake anafika mji wa wachimba madini, Personville, ambao wenyeji wanauita kwa jina linalokaribia neno sumu. Mji umekamatwa na magenge. Badala ya kupigana nayo, anayachonganisha. Anapeleka neno huku, analeta neno kule, mpaka wanamalizana wenyewe. Njiani anaanza kujiogopa, anaona damu imeanza kumkolea.

Yojimbo ya Akira Kurosawa: samurai asiye na bwana, ambaye jina analojitajia ni la kubuni papo hapo, anafika mji uliokamatwa na magenge mawili. Anayachonganisha mpaka yanamalizana. Waandishi waliotajwa ni Kurosawa na Ryuzo Kikushima. Filamu ilitoka Japani Aprili 1961. Hammett alikuwa amezikwa miezi mitatu tu.

Kurosawa mwenyewe alitaja filamu ya 1942 iliyotokana na The Glass Key kuwa ndiyo iliyomchochea. Ukitazama sehemu ile samurai anapokamatwa, anapigwa mpaka uso hautambuliki, kisha anatoroka kwa kutambaa, utamwona Ned Beaumont mikononi mwa watu wa O'Rory, akipigwa siku baada ya siku mpaka anawasha moto chumbani na kujiachia kutoka dirishani. Hilo liko wazi. Ila mwili mzima wa Yojimbo, yule mgeni asiye na jina anayeuza maneno pande zote mbili, mimi naona ni wa Red Harvest, na sijawahi kubadilishwa mawazo.

Kisha 1964 mwongozaji Mwitaliano Sergio Leone akatoa A Fistful of Dollars: mgeni asiye na jina, mji wenye magenge mawili, anayachonganisha. Wakati huu kampuni ya Toho ya Japani, iliyotoa Yojimbo, haikunyamaza. Ilidai, na wakamalizana kwa upande wa Japani kupewa 15% ya mapato ya filamu. Katika utetezi wa upande wa Leone ikatajwa tamthilia ya kale ya Mwitaliano Carlo Goldoni, kuhusu mtumishi mmoja anayewatumikia mabwana wawili, kuonyesha kwamba hadithi ni ya zamani kuliko Kurosawa.

Na 1996 mwongozaji Walter Hill akaifanya tena, Last Man Standing, safari hii Marekani, zama za marufuku ya pombe, bastola na makoti marefu, yaani imerudi nyumbani kwa Hammett kabisa. Waliotajwa kuwa na hadithi yao ni Kikushima na Kurosawa.

Nilipoliona hilo nilikaa kimya nikiitazama skrini. Hadithi ilitoka Marekani, ikaenda Japani, ikaenda Italia, ikarudi Marekani, na kila mpaka iliovuka ilibeba majina mapya. La Hammett, mtu aliyelala hospitali za kifua kikuu, akaandikia jarida la bei rahisi apate kula, halikuingia hata mara moja.

Nyuma ya Pazia

Niongezee mbili za haraka kwa wanaopenda mambo haya. Alien ya 1979: mwandishi A. E. van Vogt aliona kiumbe wa kitabu chake, The Voyage of the Space Beagle, mle ndani, akadai, wakamalizana nje ya mahakama. The Terminator ya 1984: mwandishi Harlan Ellison alilalamika, na nakala zilizofuata zikaongezewa mstari wa kutambua kazi zake. Mwongozaji, James Cameron, hakufurahia, lakini mstari uliwekwa na upo mpaka leo.

Kurasa Kavu

Nyuma ya Pazia, huo wa Ellison ndio ninaousema. Mstari mmoja. Filamu haikupungua kitu, watu wanaipenda vilevile, na kijana akitazama leo akauona, anaweza kwenda kutafuta vitabu vya huyo mzee. Mimi Hammett nilimpata kwa kuokota kitabu kilichotupwa. Ningeweza kutazama Miller's Crossing mara tano, nikafa bila kujua.

Mpenda Sinema

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi. Nimeisoma The Glass Key yote. Kurasa Kavu, nakuomba radhi kwa lile la "utakupata kila mahali." Nilipofika kwenye ndoto ya nyoka niliweka kitabu chini. Sasa mimi nimeshamaliza vyote viwili, na ulisema mwisho unauweka kando. Tueleze unavyouona. Asiyetaka kujua aishie hapa.

Kurasa Kavu

Mpenda Sinema, hakuna radhi ya kuomba, umefanya kitu ambacho watu hawafanyi, umekwenda kusoma.

Kitabuni ungamo liko mwishoni. Mambo yamekwisha, Paul amekuja kutaka kupatana, na Ned anamwambia kwamba Janet anaondoka naye. Paul anapauka, anasema maneno machache yasiyokamilika, anatoka, anaacha mlango wazi. Janet anamtazama Ned. Ned ameukazia macho mlango. Kitabu kimekwisha.

Filamuni ungamo limeletwa katikati: Tom anamwambia Leo usoni kwamba amelala na Verna, anapigwa mbele ya watu, anafukuzwa. Kwa hiyo mwishoni hakuna tena cha kuungama. Ni msituni, baada ya mazishi ya Bernie. Leo anasema yeye na Verna wanaoana, anamwomba Tom arudi, amemsamehe. Tom anakataa. Leo anaondoka kwa miguu kupitia katikati ya miti. Tom anaegemea mti, anavaa kofia yake, anaishusha usoni, kisha anainua macho kumtazama rafiki yake anavyokwenda.

Ned amempata mwanamke na macho yako mlangoni. Tom hana mwanamke na macho yako njiani. Wote wawili wanamtazama mtu yuleyule akiondoka. Akina Coen wamebadilisha nani anaondoka na nani, ila yale macho hawakuyagusa.